Taa ya ABS Inayowaka na Kuzima: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Spea

Miongoni mwa maradhi ya gari yanayowatoa watu pesa bure hapa Mombasa, la taa ya ABS liko mbele. Taa ikiwaka moja kwa moja, fundi hupata pa kuanzia. Lakini ikiwaka asubuhi na kuzima adhuhuri, ikatulia wiki nzima kisha ikarudi siku ya mvua, hapo ndipo mwenye gari huanza kuzungushwa. Leo auziwa sensa, kesho beringi, kesho kutwa aambiwa kompyuta ya breki imekufa. Pesa zimekwisha, na taa iko pale pale.

Kazi yangu ni umeme wa magari, na gari la namna hii huniingilia karibu kila mwezi. Ninalotaka kusema ni hili: hitilafu inayokuja na kuondoka si jini. Ina sharti lake. Yaweza kuwa maji, joto, mtikisiko, kukata kona au upungufu wa umeme. Ukilijua sharti, umekaribia kupajua mahali. Usipolijua, kila spea unayonunua ni bahati nasibu, na kinachochezewa hapa ni breki.

Mfumo wenyewe wafanya nini

Kwenye kila gurudumu kuna sensa ndogo inayohesabu mzunguko. Inasoma ama pete ya chuma yenye meno, ama pete ya sumaku iliyofichwa ndani ya beringi. Habari hizo huenda kwenye kompyuta ya breki. Ukikanyaga breki kwa nguvu na gurudumu moja likataka kukwama, kompyuta huiachia breki ya gurudumu hilo na kuikaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Faida yake kubwa ni kwamba usukani unaendelea kukutii hata ukiwa umekanyaga breki hadi mwisho.

Mfumo wa kuzuia gurudumu lisizunguke bure, ule ambao taa yake ina picha ya gari linaloteleza, hutumia sensa hizo hizo. Gurudumu likizunguka bure kwenye tope au lami yenye maji, kompyuta hupunguza nguvu za injini au hulishika gurudumu hilo kwa breki. Magari ya karibuni yameongezewa sensa ya usukani na sensa inayojua gari likijipinda.

Mambo haya si mapya. Bosch na Mercedes-Benz walitoa ABS ya elektroniki mwaka 1978. Kwetu, magari mengi huja yametumika kutoka Japani, na kanuni ya Kenya hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane. Kwa hivyo magari yanayoshushwa bandarini siku hizi kwa kawaida yana mifumo yote miwili, na fundi hawezi tena kusema hayo ni mambo ya magari ya matajiri.

Kwa kuwa sensa ni zile zile, sensa moja ikikosa kusema kweli taa mbili au tatu huwaka pamoja. Usikubali kuambiwa gari lina magonjwa matatu. Mara nyingi ugonjwa ni mmoja.

Taa ikiwaka, hatari ni ipi?

Ikiwaka taa ya manjano ya ABS peke yake, breki za kawaida bado zafanya kazi. Kompyuta imejitoa tu, kwa sababu haiamini habari inazopewa. Gari litasimama, lakini ukikanyaga kwa ghafla magurudumu yaweza kukwama, na gurudumu lililokwama halifuati usukani. Fikiria mvua ya kwanza ya masika juu ya daraja la Nyali, mafuta na vumbi la miezi vikiwa vimeelea juu ya lami, na tuktuk ikakukatia mbele. Wageuza usukani na gari laenda moja kwa moja. Hapo ndipo utakapojua taa ile ilikuwa na maana gani.

Ikiwaka taa nyekundu ya breki pamoja na ile ya manjano, hilo ni jambo jingine. Yawezekana mafuta ya breki yamepungua, au mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma umepotea, na magurudumu ya nyuma yaweza kukwama mwanzo. Simama mahali salama, angalia kopo la mafuta ya breki, na usiendelee na safari mpaka ujue sababu.

Kuna hali ya tatu ambayo watu huidharau kwa sababu pengine haiwashi taa yoyote. Gari liko mwendo wa polepole, karibu kusimama, barabara ni kavu, na ghafla pedali yatetemeka mguuni na kukwaruza kana kwamba ABS yafanya kazi. Gari lachelewa kusimama. Hapo kompyuta imedanganywa: sensa moja yaonyesha gurudumu limekwama ilhali lazunguka. Mara nyingi ni pete yenye ufa au sensa iliyosogea mbali na pete yake. Mimi naiona hii kuwa mbaya kuliko taa, kwa sababu breki yalegezwa wakati unapoihitaji, nawe uko kwenye mteremko wa feri na watu wamejaa mbele yako.

Adui wetu ni chumvi

Kisiwa chetu kimezungukwa na bahari, na waya za sensa ziko pale pale kwenye gurudumu, mahali panaporushiwa kila kitu. Gari likivuka Likoni wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, magurudumu hukanyaga maji ya bahari yakipanda na kushuka. Gari linalolala Mji wa Kale karibu na bandari ya kale, au linaloegeshwa Mama Ngina wakati kusi inavuma, hupata mvuke wa chumvi usiku kucha. Masika ikija, mitaa hujaa maji na gari huogelea.

Chumvi ikiingia kwenye soketi ya sensa, shaba hugeuka unga wa kijani. Soketi ikiwa na unyevu, umeme huvuja kutoka pini moja hadi nyingine. Jua likikausha, uvujaji huacha na taa huzima gari likiwashwa tena. Ndiyo sababu taa huja na kwenda. Pengine chumvi hupenya ndani ya ganda la waya na kula shaba polepole, ukiitazama nje waya ni mzima. Na pete za chuma hupata kutu, kutu hufura, ikaipasua pete au ikaisukuma sensa mbali na mahali pake.

Tena magari mengine yaja na chumvi yao kutoka kwao. Mikoa ya kaskazini ya Japani, kama Hokkaido, ina theluji nyingi, na barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari lang'aa juu, lakini chini limekwisha kuliwa. Anayenunua gari na ainame chini alitazame.

Mama mmoja anayeishi ng'ambo ya Likoni na kufanya kazi Mji wa Kale aliniletea gari lake akiwa amekwisha kubadilishiwa sensa mbili na beringi moja kwingineko. Akaniambia, "Mwanangu, gari hini kila nikivuka feri taa yawaka. Jua likiwa kali, adhuhuri yazima. Nimechoka kutoa pesa." Nikamwambia, "Mama, hapo umenifanyia nusu ya kazi." Sikugusa sensa. Nilifuata waya wa gurudumu la mbele kushoto mpaka kwenye soketi iliyo nyuma ya plastiki ya ndani ya madigadi. Ilikuwa kijani tupu. Sensa mpya ilikuwa imechomekwa kwenye soketi iliyooza. Pini mbili mpya, usafi na grisi ya umeme, na kazi ikaisha. Kama kuna aliyemuuliza mapema taa huwaka saa ngapi, beringi yake ingekuwa bado kwenye gari.

Kazi ya mwenye gari: andika

Fundi haishi na gari lako. Wewe ndiwe shahidi. Kabla ya kwenda gereji, kwa wiki moja andika kwenye simu kila taa inapowaka: ni taa zipi, gari lilikuwa mwendo gani, kulikuwa na mvua au umetoka kuosha gari, ulikuwa wakata kona upande gani, ulikuwa umepita tuta, na eyakondishena na taa kubwa zilikuwa zimewashwa. Piga picha ya dashibodi ukiwa umesimama.

Majibu hayo yana maana kubwa kwa fundi anayejua kazi:

Taa ikiwaka pale pale unapowasha gari, kabla hata hujaondoka, shuku waya uliokatika, fyuzi, rilei, pampu au umeme mdogo. Ikizima vizuri kisha ikawaka baada ya kutembea kidogo, shuku habari za gurudumu: pete, beringi au nafasi kati ya sensa na pete. Ikiwaka unapokata kona au kupanda tuta, shuku waya unaopindwa na usukani na shoka, au beringi iliyolegea. Ikiwaka baada ya mvua, feri au kuoshwa, shuku soketi. Ikiwaka asubuhi unapopiga stata, au usiku ukiwa umewasha kila kitu, anza na betri.

Kazi ya fundi: hatua kwa hatua

Kwanza, matairi. Yote manne yawe saizi moja na upepo sawa. Tukinunua tairi kuukuu moja moja, gurudumu dogo huzunguka haraka kuliko wenzake na kompyuta hudhani linateleza. Kuangalia namba ya tairi hakugharimu kitu.

Pili, umeme. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.5, ingawa baadhi ya mapya hushusha kwa makusudi. Pampu ya ABS hula umeme mwingi, na fyuzi zake ni kubwa. Waya wa athi kati ya betri, injini na bodi ukiwa na kutu, kompyuta hukosa nguvu kwa dakika moja na kulalamika. Usafishe kabla ya kushuku kitu cha bei.

Tatu, kuskani. Mashine nyingi ndogo za bei rahisi husoma injini peke yake. Kukwambia "hakuna hitilafu" si ushahidi, kwani haikuuliza kompyuta ya breki. Itafutwe mashine inayoingia ABS. Na namba zote ziandikwe kabla ya kufutwa. Fundi anayefuta mwanzo amekufutia ushahidi. Kwenye magari mengi ya Toyota, C0200 ni habari za gurudumu la mbele kulia na C0205 la mbele kushoto. C0210 ni nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. C1241 ni umeme mdogo. Elewa kwamba namba yakuonyesha njia, haikuonyeshi mwizi. C0205 haisemi "nunua sensa". Yasema habari za gurudumu hilo hazifiki sawasawa, na kati ya gurudumu na kompyuta kuna pete, sensa, soketi na waya mrefu.

Nne, kutazama mwendo wa magurudumu manne kwenye mashine gari likitembea. Hii hufanywa na watu wawili kwenye barabara tulivu, mmoja aendesha na mwingine atazama. Mwendesha gari asitazame mashine kabisa. Kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 40 kwa saa, namba nne zapaswa kukaribiana. Ile inayoanguka ghafla hadi sifuri, au inayorukaruka, ndilo gurudumu lenu.

Tano, kutikisa. Gari lipandishwe kwa jeki na vigingi, gurudumu lizungushwe kwa mkono, waya utikiswe kidogo kidogo kutoka sensa hadi ndani ya bodi, usukani ugeuzwe mwisho hadi mwisho. Habari zikikatika mkono ukiwa mahali fulani, hapo ndipo. Kama shaka ni maji, nyunyizia soketi maji kidogo kwa chupa, kisha tazama. Hitilafu uliyoifanya ije kwa mkono wako umekwisha kuikamata.

Sita, sensa yenyewe. Hapa kuna aina mbili, na zote mbili kwa kawaida zina waya mbili, kwa hivyo zachanganya. Aina ya zamani ni koili na sumaku: yaweza kupimwa kwa omu na kulinganishwa na ya upande wa pili, na gurudumu likizunguka hutoa umeme mdogo unaopanda kwa kasi. Aina ya kisasa ina elektroniki ndani na hupewa umeme na kompyuta. Hii haipimwi kwa omu, na kipimo hicho chaweza kuiharibu. Hupimwa kwa kuangalia umeme unaoifikia na ishara inayotoa. Fundi asiyejua ni aina gani ameshika, na aache mita chini.

Saba, pete na beringi. Pete ya meno hutazamwa mzunguko mzima, kwani ufa mmoja mwembamba unatosha. Kwa beringi yenye pete ya sumaku kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi: beringi imetiwa nyuma mbele. Kwa macho pande zote mbili zafanana, lakini sumaku iko upande mmoja tu. Ikigeuzwa, sensa haioni kitu. Ukisikia taa imeanza baada ya kubadilisha beringi, anzia hapo. Upande wa sumaku hujulikana kwa kugusisha kipini kidogo cha karatasi: upande mmoja huvuta.

Nane, sensa ya usukani na ya mwili wa gari. Kama iliyowaka ni taa ya gari linaloteleza peke yake, na imeanza baada ya kupima magurudumu au kuchomoa betri, huenda hakuna kilichoharibika. Kwenye Toyota, C1210 yamaanisha sensa hiyo haijafundishwa sifuri yake. Hufundishwa gari likiwa limesimama mahali sawa, usukani ukiwa katikati, bila kutikiswa. Usifanye kwenye mteremko.

Kompyuta ya ABS ni ya mwisho. Yaweza kufa, sikatai, lakini haihukumiwi mpaka umeme, athi, fyuzi, waya na sensa zote zimethibitishwa ni nzima. Kuibadilisha ni kufungua mabomba ya breki, na hewa lazima itolewe vizuri. Na ili isife mapema, badilisha mafuta ya breki kila miaka miwili hivi. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwingi.

Waya ukitengenezwa, utengenezwe

Kufunga waya wa sensa kwa tepu nyeusi peke yake ni kuifungia chumvi ndani. Kiungo kifanywe mbali na mahali panapopindwa, waya mbili zibaki zimesokotwa kama zilivyokuja, na kifunikwe kwa mpira wa joto wenye gundi. Kama ganda limeliwa mbali, badilisha kipande kizima. Na wale wanaovuka feri kila siku, kuosha chini ya gari kwa maji baridi mara moja kwa wiki kwasaidia. Lakini bomba la presha lisielekezwe kwenye soketi.

Hila ya kuua taa

Kuna wanaomaliza tatizo kwa kung'oa balbu ya dashibodi, kuipaka rangi, au kuiunganisha waya wake na taa nyingine. Mnunuzi haoni taa, aridhika. Dawa ni rahisi. Unaponunua gari, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya ABS lazima iwake yenyewe kwa sekunde chache. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameinyamazisha. Ikizima kwa wakati ule ule mmoja na taa ya oili au ya chaji, shuku imeunganishwa nayo. Kisha litembeze gari zaidi ya kilomita 40 kwa saa, kwani hitilafu nyingine hazijitokezi gari limesimama.

Kabla ya kutoa pesa

Sitaki mwenye gari awe fundi. Nataka aulize maswali manne, kwa adabu, kabla ya kukubali spea: Namba zilizosomwa kwenye kompyuta ya ABS ni zipi? Gurudumu gani linakosa habari? Umefanya nini mpaka ukajua ni sensa, si soketi wala pete? Na ukishabadilisha, utanionyeshaje kwamba imepona?

Fundi aliyepima atajibu kwa dakika mbili, na atafurahi kuulizwa. Anayekasirika, au anayesema "tujaribu hii tuone", ajaribu kwa pesa zake. Taa iliyozima yenyewe haijapona, imesubiri maji mengine. Gari litengenezwe wakati wa jua, masika isikukute ukiwa na breki usizoziamini.